Prince George's, Montgomery au ndani ya Washington: ukiwa mweusi, nyumba ununue wapi?

Wifi yangu alinipigia simu juzi saa nne usiku, ndiyo kwanza ametoka zamu. Yeye na mumewe, ambaye ni mdogo wangu, wako Marekani mwaka wa 9 sasa, na miaka yote hiyo wamekuwa wapangaji. Wamejinyima mpaka wamepata kianzio cha kununulia nyumba, dola 40,000.

"Wifi," akaniambia, "huku Lanham tunapata nyumba nzima, ina uwanja na gereji. Tukivuka upande wa Montgomery, nyumba ya namna hiyohiyo hatuigusi. Lakini watu wanatuambia Lanham ni kwa weusi, nyumba za kule hazipandi bei. Ni kweli?"

Nilimjibu palepale, lakini swali lake nalisikia kila tunapokutana msibani au kwenye harusi za Waswahili wa Maryland. Wengi wetu tunaishi kuizunguka Washington: wapo waliokuja na kazi za ubalozi, Benki ya Dunia na Sauti ya Amerika, wapo waliokuja kusoma, na wapo, kama mimi, walioanza kwa kutunza wazee. Tunapofika hatua ya kununua, tunalazimika kuchagua kati ya kaunti mbili za Maryland, yaani Prince George's (Lanham iko humo) na Montgomery, na jiji lenyewe. Bei zake zinatofautiana sana, na huwezi kuieleza tofauti hiyo ukaacha kutaja rangi ya ngozi.

Wanachosema watu kina ukweli gani

Mwaka 2018 taasisi ya Brookings ilitoa utafiti wa nyumba katika miji ya Marekani. Ilikuta kwamba katika mitaa ambayo nusu ya wakazi ni weusi, nyumba zilithaminiwa karibu nusu ya bei ya nyumba za mitaa isiyo na weusi. Watafiti hawakuishia hapo. Walilinganisha nyumba zinazofanana kwa ubora, zenye huduma zinazofanana jirani, na bado pengo likabaki asilimia 23. Kwa wastani ni dola 48,000 kwa kila nyumba, na ukijumlisha nchi nzima unapata dola bilioni 156. Hizo ni pesa ambazo watu weusi wangekuwa nazo leo kama nyumba zao zingekaa mtaa mwingine vilevile zilivyo.

Bei hizi zilitengenezwa na watu. Serikali ya Marekani ilianzisha idara ya kudhamini mikopo ya nyumba, FHA, mwaka 1934. Mwongozo wake wa 1938 ulipendekeza hati za nyumba ziwe na masharti ya kuwazuia watu wa rangi nyingine. Hati nyingi za Silver Spring, ambako Waswahili kibao wanaishi leo, zilikuwa na sharti hilo. Huku kwetu Prince George's, mjenzi mashuhuri William Levitt alianza kuuza maelfu ya nyumba za Belair, mjini Bowie, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mtu mweusi hakuuziwa hata moja. Watu waliandamana nje ya ofisi yake mwaka 1963. Sheria ya kukataza ubaguzi huo nchi nzima ilisainiwa Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Leo weusi ndio wengi Bowie, na zile nyumba za Levitt tunazinunua sisi.

Kwa hiyo nilimwambia wifi kwamba ni kweli, bei ya Lanham imebeba historia hiyo. Ila kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Nyumba kuwa na bei ya chini ni jambo moja, na nyumba kutopanda bei ni jambo jingine. Kama punguzo lilikuwepo siku unanunua na litakuwepo siku unauza, unaweza kupanda kwa asilimia ileile na mwenzako wa Montgomery. Anayeumia kabisa ni yule aliyenunua kwa bei ya mtaa wa Wazungu, halafu akauza baada ya Wazungu kuhama.

Prince George's: nyumba kubwa, kodi kubwa

Kwa miaka mingi hii ilihesabiwa kuwa kaunti tajiri kuliko zote zenye weusi wengi Marekani, mpaka jirani yake Charles ilipoipita hivi karibuni. Ina watu karibu 967,000. Majirani zangu ni walimu, wanasheria, askari wastaafu na wafanyakazi wa serikali kuu. Kipato cha kati cha kaya (nusu ya kaya zinapata zaidi, nusu pungufu) kinazidi dola 90,000 kwa mwaka. Nasema haya kwa sababu mtu akisikia "mtaa wa weusi" huwaza umaskini, na akifika hapa anashangaa.

Thamani ya kati ya nyumba kwa takwimu za sensa za karibuni iko kwenye dola 400,000 hivi. Montgomery ni karibu 600,000. Tofauti hiyo ndiyo gereji ya wifi.

Ubaya wake upo, na siufichi. Kiwango cha kodi ya majengo kiko juu kuliko cha Montgomery. Sababu yake ni kwamba nyumba zikithaminiwa kidogo na ofisi kubwa zikiwa chache, kaunti inalazimika kukamua asilimia kubwa zaidi kwa kila nyumba ili ipate fedha za shule na barabara. Waajiri wakubwa huahidiwa, halafu hawafiki. Novemba 2023 serikali kuu ilichagua Greenbelt, katika kaunti hii, iwe makao mapya ya FBI. Mwaka 2025 serikali iliyofuata ikatangaza kwamba makao yatabaki Washington. Uamuzi kama huo unashuka moja kwa moja kwenye bei ya nyumba za watu, kwa sababu maelfu ya wafanyakazi wangetafuta pa kuishi karibu. Kaunti ina stesheni 15 za treni ya Metro, na nyingi kati ya hizo mpaka leo zimezungukwa na maegesho, wakati upande wa Bethesda, kule Montgomery, stesheni imezungukwa na maghorofa na maduka.

Shule kwa jumla zina alama za chini katika mitihani ya jimbo kuliko za Montgomery. Zipo nzuri, zipo programu maalumu ambazo watoto wetu wamepita wakaenda mbali, lakini mzazi inabidi azihangaikie mwenyewe, ajaze fomu mapema, apige simu.

Montgomery: unalipia ujirani

Kaunti hii ina zaidi ya watu milioni 1, na kipato cha kati kinazidi dola 120,000. Usidhani ni ya Wazungu peke yao. Siku hizi Wazungu hawafiki nusu ya wakazi. Lakini ndani yake kuna mstari: magharibi, Bethesda na Chevy Chase, nyumba ya kawaida inapita dola milioni 1. Mashariki, Burtonsville, White Oak na maeneo ya barabara ya 29, wanaishi Waafrika wengi, na bei zinasogea kuelekea za Prince George's. Mtu akikwambia "Montgomery nyumba zinapanda," muulize anazungumzia upande upi.

Kuna jambo moja zuri ambalo wenzetu wengi hawalijui. Tangu 1974 kaunti ina sheria, maarufu kwa kifupi cha MPDU, inayowalazimisha wajenzi wa miradi mikubwa kutenga sehemu ya nyumba ziuzwe au zipangishwe kwa bei nafuu kwa wenye kipato cha kati. Ukistahili, unaweza kupata nyumba ya kuungana ukuta katika mtaa ambao kwa bei ya soko usingeusogelea, na mtoto akasoma shule ya mtaa huo. Ila hesabu yake ya kupanda bei ni tofauti. Kwa miaka 30 bei ya kuuza inapangwa kwa kanuni ya kaunti, inayofuata mfumuko wa bei. Kwa mtu anayetaka shule na utulivu ni nafasi ya kukimbilia. Kwa mtu anayetaka nyumba imzalishie mtaji wa kujenga Kigamboni, haimfai.

Tuweke namba mezani

Nilimwambia wifi achukue kalamu. Kianzio ni kilekile, dola 40,000. Tuseme riba ni asilimia 6.5 kwa miaka 30.

Nyumba ya dola 400,000 inabakiza deni la 360,000. Kila mwezi ni kama dola 2,275, kabla ya kodi ya majengo na bima. Nyumba ya 600,000 inabakiza deni la 560,000, na kila mwezi ni kama dola 3,540. Tofauti ni dola 1,265 kwa mwezi, yaani zaidi ya 15,000 kwa mwaka.

Sasa tuseme nyumba zote mbili zimepanda asilimia 4 mwaka wa kwanza. Ya bei ndogo imeongezeka dola 16,000, ya bei kubwa 24,000. Yaani umelipa 15,000 zaidi ili upate 8,000 zaidi. Hata ukitoa zile dola 2,000 na kitu ambazo kwenye malipo hayo makubwa zinapunguza deni, bado umetoa zaidi ya ulichopata. Ili nyumba ya Montgomery ishinde kwa pesa peke yake, inabidi ipande kwa kasi kubwa kuliko ya Lanham, mwaka hadi mwaka. Inawezekana, na miaka mingine imetokea. Lakini usiingie ukiamini kwamba ni lazima itokee.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hii hailionyeshi vizuri, na mimi nalipa uzito kuliko yote. Zile dola 1,265 kila mwezi ni akiba yako ya siku mbaya.

Tulichojifunza sisi

Mimi na mume wangu tulinunua Lanham mwaka 2006. Hatukuelezwa vizuri aina ya mkopo, au tulielezwa haraka haraka na sisi tukaona aibu kuuliza. Riba ilikuwa ndogo kwa miaka miwili, kisha ikaruka. Ilipofika 2009 malipo yalikuwa yameongezeka kwa karibu theluthi moja, mume wangu amepunguziwa saa kazini, na nyumba ina thamani ndogo kuliko deni. Prince George's iliongoza Maryland yote kwa nyumba kupigwa mnada miaka ile. Katika mtaa wetu mfupi nilihesabu nyumba 5 zenye karatasi mlangoni. Majirani walioondoka hawakuwa wazembe. Walikuwa watu wa kazi, kama sisi.

Hatukuonewa peke yetu. Serikali ya Marekani ilizishitaki benki kubwa kwa kuwatoza weusi na Walatino zaidi, na kuwapa mikopo mibaya hata waliostahili mizuri. Kesi ya Countrywide ilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 335 mwaka 2011, na ya Wells Fargo kwa dola milioni 175 mwaka 2012.

Sisi tulibaki kwa sababu shemeji yangu alihamia kwetu na familia yake, tukagawana malipo kwa miaka mitatu. Watu wanane, bafu moja na nusu. Ilichukua zaidi ya miaka 10 nyumba kurudia bei tuliyoinunulia. Lakini ilirudi, ikapita. Waliopigiwa mnada 2009 hawakuuona upandaji huo. Aliyenunua mnadani ndiye aliyeuona.

Baadaye nilisoma utafiti wa wachumi Amir Kermani na Francis Wong, wa 2021, nikajiona mle ndani. Waligundua kwamba mwenye nyumba mweusi hupata faida ya mwaka pungufu kwa pointi 3.7 za asilimia kuliko Mzungu. Walipochimba sababu, karibu pengo lote lilitokana na nyumba zilizouzwa kwa shida: minada na mauzo ya kulazimishwa na deni. Ukiziondoa hizo, nyumba za weusi zilipanda karibu sawa na za Wazungu. Yaani mtaa una athari, lakini kinachomaliza mali ya watu wetu zaidi ni kusukumwa nje wakati bei iko chini, kwa kukosa akiba ya miezi michache.

Na siku mbaya hazikuisha 2009. Machi 2025 karibu watumishi wote wa Sauti ya Amerika, wakiwemo wa Idhaa ya Kiswahili, waliambiwa wakae nyumbani. Mwaka huohuo wafanyakazi wengi wa serikali kuu katika kaunti hizi walipoteza kazi. Mwenye malipo ya 2,275 na mwenye malipo ya 3,540 hawakulala usingizi mmoja.

Ndani ya jiji

Hapa nitasema machache, kwa kuwa wachache wetu tunamudu. Washington ilikuwa na weusi asilimia 71 mwaka 1970, na mwaka 2011 wakashuka chini ya nusu. Bloomingdale, eneo moja la jiji, ndiyo mfano ninaoupenda na unaoniuma. Katika Mtaa wa Bryant, familia nyeusi ya akina Hurd ilishitakiwa kwa kununua nyumba iliyowekewa sharti la Wazungu tu. Wakili Charles Hamilton Houston akalipeleka shauri mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1948 wakashinda. Nyumba za safu za mitaa ile leo zinauzwa hata zaidi ya dola milioni 1, na wengi wanaozinunua si weusi. Waliokuwa wapangaji hawakupata kitu katika kupanda huko zaidi ya notisi ya kuhama.

Kwa anayenunua leo, bei nafuu iko ng'ambo ya mto Anacostia, Wadi ya 7 na ya 8. Jiji lina mkopo usio na riba kwa wanunuzi wa mara ya kwanza wenye kipato cha chini na cha kati, unaoweza kufika dola 202,000 tangu 2022. Fedha zake zinaweza kuisha mapema, kwa hiyo omba mwaka wa bajeti unapoanza mwezi Oktoba. Kondo, yaani nyumba unayoimiliki ndani ya jengo la ghorofa, ziogope kidogo: ada ya mwezi hupanda, na bei zake hazijafuata za nyumba za safu tangu Korona. Kama tayari umepanga kwenye jengo la ghorofa mle jijini, uliza kuhusu sheria ya 1980 inayowapa wapangaji wa majengo mengi nafasi ya kwanza ya kulinunua jengo likiuzwa.

Popote utakapochagua

Pesa ya upatu ina baraka, lakini benki itataka kuona hesabu zako za miezi miwili, na ikikuta dola 10,000 zimeingia ghafla itauliza zimetoka wapi. Pokea zamu yako mapema, ikae kwenye akaunti. Kwa wenzangu Waislamu wanaokwepa riba, kampuni zinazonunua nyumba kwa ubia na mteja zipo Virginia na zinafanya kazi Maryland. Linganisha gharama yake kamili, usiangalie jina tu.

Ukishanunua Maryland, jaza fomu ya nafuu ya kodi kwa mwenye nyumba anayeishi humo. Ni mara moja tu. Jimbo hupitia thamani kila miaka mitatu, na nafuu hii huzuia ongezeko linalotozwa kodi lisipite asilimia 10 kwa mwaka, na kwa Prince George's ukomo ni mdogo zaidi. Usipojaza hupati. Nakutana na watu walioishi miaka 6 bila kujaza.

Na mthamini wa nyumba, yule anayetumwa na benki, akija, usimwache peke yake. Mwaka 2021 familia nyeusi ya Baltimore ilithaminiwa nyumba dola 472,000. Wakaondoa picha zao ukutani, rafiki Mzungu akampokea mthamini wa pili, ikawa 750,000. Sipendi kumwambia mtu afiche picha ya mama yake. Ninachosema ni kwamba uwe na orodha ya nyumba tatu au nne zilizouzwa karibuni jirani yako, umpe mkononi, na namba ikija ya ajabu uombe benki kwa maandishi tathmini ipitiwe upya. Ni haki yako.

Kwa hiyo, kwa mdogo wangu na mkewe, wenye watoto wawili wadogo na kianzio kile, mimi nasema Lanham au Bowie, karibu na stesheni ikiwezekana. New Carrollton naitazama sana, kwa sababu reli ya Purple Line, ya kilomita 26, itaiunganisha na Silver Spring na Bethesda. Ujenzi ulianza 2017 na umechelewa mno, kwa hiyo usilipie leo bei ya treni ambayo haijafika. Wangekuwa na mtoto anayeingia sekondari mwakani, ningewaambia waombe MPDU kwanza. Wangekuwa na kianzio cha 150,000 na kazi mbili zisizotikisika, ningewaruhusu Silver Spring bila maneno mengi.

Jumamosi wanakwenda kuona nyumba mbili, moja Lanham na moja ya kuungana ukuta huko Burtonsville. Nimemwomba wifi apite tena saa mbili usiku, asikie mtaa ukiwa nyumbani. Na benki ikimpa ile karatasi ya makadirio ya mkopo, ya kurasa tatu, anitumie kabla hajatia saini. Mwaka 2006 karatasi hiyo haikuwepo. Ukurasa wa kwanza, pembeni ya riba na pembeni ya malipo ya mwezi, kuna swali kama kiasi hicho kinaweza kupanda baada ya kukabidhiwa nyumba. Pote pawili nataka kuona imeandikwa HAPANA.